Kuisafisha Damu ya Ng'washi

Marahaba, wanangu. Najua mmeniamkia, hata kama hapa Milanzi sauti zenu hazinifikii. Ninyi ndio mliovaa makoti meupe juzi, mnaopita asubuhi barabara yetu mkielekea hospitali, mikono mifukoni, pumzi zinawatoka kama moshi wa jikoni. Huwa nawaona nikifagia uwanja. Wenzangu wa rika langu walipostaafu walisema sasa watalala. Mimi usingizi umenikataa. Saa ile ile mwili unaamka, naoga, navaa, halafu nakumbuka kwamba hakuna ninakokwenda. Basi nafagia.

Naitwa Pashensia, kazini waliniita Pasha. Nilifanya kazi maabara ya damu hapa Sumbawanga tangu nikiwa msichana mpaka niliposhikwa mkono na kuambiwa asante, na karibu yote ninayoyajua nilifundishwa na mtu mmoja, Mzee Kamilius, Mfipa wa Msanzi, aliyekuwa mkuu wetu wa maabara. Mkiniuliza nakosa nini siku hizi, sitawatajia mshahara. Namkosa mtu wa kumwambia, "Hebu njoo uone hii."

Kamilius alikuwa mfupi, mwenye sweta nene ndani ya koti la kazi hata vifungo vikawa havifiki upande wa pili. Alizungumza na wagonjwa kwa Kiswahili na mirija ya damu kwa Kifipa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mirija haijaenda shule. Chupa ya maji ya chumvi, ile tunayooshea chembe za damu, aliiweka kwapani, ndani ya sweta, asubuhi nzima. Wageni kutoka mikoa ya joto walimcheka. Walipokaa nasi mwezi wa sita mmoja tu, wakaanza kumuuliza kama kwapa la pili lina nafasi.

Sababu ni baridi yetu. Kazi ya kulinganisha damu, ile tunayoiita krosimachi, mnaijua. Unachukua seramu ya mgonjwa, yale maji ya njano yanayobaki juu damu ikishatulia, unaichanganya na chembe nyekundu za mtoaji, unaangalia. Zikitawanyika laini kama uji uliokorogwa vizuri, damu zinapatana. Zikishikana mabonge, hazipatani, na ukimpa mgonjwa damu hiyo unaweza kumuua. Lakini wapo watu ambao ndani ya seramu yao mna kingamwili zinazoamka kwenye baridi. Zikiamka zinashika chembe za kila mtu, hata za mwenye damu mwenyewe. Hapo kila mrija unagandana, na wewe umesimama na mirija mkononi hujui upi unasema kweli. Kamilius aliziita wapiga kelele. Alisema wakijaa chumbani, yule mmoja mwenye neno la maana humsikii. Kwa hiyo lazima uwatoe kwanza. Siku hizi mna kadi na mashine zinazowasaidia, na mimi nafurahi. Lakini mashine ikikuandikia kwamba imeshindwa kusoma, utarudi kwenye mrija, maji ya vuguvugu na barafu, kama sisi.

Nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja, Ng'washi.

Ng'washi alikuwa Msukuma, binti wa wafugaji waliohamia bondeni kule chini kwenye Ziwa Rukwa. Aliolewa Laela na kijana wa Kifipa, Oktavi, fundi wa mashine za kusaga mahindi. Aliletwa hospitalini siku moja ya kipupwe. Ng'washi alikuwa ametoka kuugua kichomi kwa majuma kadhaa, kifua kilikuwa kimeanza kupona, lakini badala ya kupata nguvu akawa anazidi kwisha. Mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, ncha za vidole zimegeuka bluu, akisimama anaanguka. Daktari wa wodi, kijana mtulivu ambaye hakuwa na tabia ya kutukimbiza, alikuja mwenyewe na sampuli.

"Mzee, huyu damu imebaki kidogo sana," alisema. "Nahitaji chupa mbili. Nikizipata kabla ya jioni nitashukuru."

Niliipokea ile tyubu. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilipoiinamisha, damu haikuteleza kwenye kioo kama kawaida, iliacha chembechembe ukutani kama uji wa ulezi ulioungua. Mwenzetu mmoja aliyekuwa zamu aliipima kundi palepale, kila kitu kikashikana, akasema ni AB. Kamilius akamwambia asiandike chochote. Akaifunika tyubu kwa viganja vyake, akaanza kuzungumza nayo kwa Kifipa.

Tuliipasha moto kwenye maji ya joto la mwili, tukaziosha chembe zake kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, tena na tena, mpaka zikaachiana. Tulipopima upya, Ng'washi hakuwa AB. Alikuwa O. Hebu fikirini wenyewe nini kingempata kama angepewa damu ya AB. Ndiyo maana nawaambia, damu ikigandana na kila kitu mlichoiwekea, msishangilie jibu. Ipasheni kwanza.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Seramu yake ilibaki vilevile, imejaa wapiga kelele. Chupa za O tulizokuwa nazo kwenye friji hazikuwa nyingi, na zote ziligandana nayo. Ndugu walikuwa nje kwenye benchi, Oktavi na mama yake, Mama Gaudensia. Oktavi alikuwa O pia, akakunja mkono wa shati kabla hajaulizwa. Tulijaribu. Ikagandana.

Sasa sikilizeni jinsi neno moja linavyoweza kutoka maabara na kwenda kufanya kazi yake huko nje. Muuguzi alikuja kuuliza majibu, akaambiwa na yule mwenzetu wa zamu kwamba hazipatani. Akatoka nje, akamwambia Oktavi bila nia mbaya yoyote, "Kaka, damu yako na ya mkeo hazipatani."

Mama Gaudensia alikuwa nyuma yake. Aliinuka, akajifunga kitenge upya.

"Mimi nilisema," alisema. "Nilisema tangu siku ya kwanza, mkaniona mchawi. Leo mmeambiwa na wataalamu."

Ninyi mnajua tunavyosema sisi watu. Ukisema damu zetu hazipatani, umesema hatupendani, hatuwezani, hatukuumbwa kukaa pamoja. Yule mama hakuwahi kuitaka ndoa ile. Alitaka mwanawe aoe binti wa parokiani, anayejua kupika ugali wa ulezi na kuimba kwaya. Sasa hospitali imemwandikia hukumu. Oktavi aliushusha ule mkono wa shati polepole, akafunga kifungo.

Kamilius alitoka nje na glavu zake mkononi.

"Kijana," alisema, "bado hatujapima. Tulichokiona ni baridi tu. Damu ya mkeo kwa sasa inagombana na kila mtu, hata na yenyewe. Tupe muda tuisafishe, halafu nitakuja mimi mwenyewe kukuambia."

Oktavi akauliza, "Ikishasafishwa itapatana na yangu?"

"Nitakuja mimi mwenyewe kukuambia," alirudia Kamilius.

Halafu hakurudi maabara. Alinivuta tukaenda wodini. Nilidhani tunapoteza muda, lakini hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike. Kabla ya kusafisha seramu kwa chembe za mgonjwa mwenyewe, nendeni mkamuulize mgonjwa.

Ng'washi alikuwa amefunikwa mablanketi mpaka shingoni. Alikuwa mrembo hata katika hali ile, macho makubwa, midomo imepauka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi kuongezewa damu?"

"Hapana."

"Hata utotoni? Hata ulipojifungua?"

"Hapana, baba. Sijawahi kabisa."

"Una watoto wangapi?"

"Wawili." Akavuta pumzi kabla ya kuendelea. "Wa pili alizaliwa macho ya njano. Wakaniambia niwe namtoa juani asubuhi. Akapona."

Kamilius alinitazama, na mimi nikajua amesikia kitu.

Tulipokuwa tunarudi alinieleza huku anatembea haraka. Kama Ng'washi angekuwa ameongezewa damu karibuni, mwilini mwake mngekuwa na chembe za mtu mwingine. Ukizitumia hizo kusafishia seramu, zinaondoka na wapiga kelele, na zinaondoka pia na yule mwenye neno la maana, ile kingamwili ya hatari. Unabaki na seramu nyeupe isiyosema chochote, unampa mgonjwa damu ukiwa na amani, na yeye anakufa. Alikuwa amemwona mtu akifa hivyo katika ujana wake, kwenye hospitali ambayo hakutaka kuitaja, kwa sababu hakuna aliyekwenda kitandani kuuliza. Hakupenda kuizungumzia zaidi ya hapo.

"Na yule mtoto wa macho ya njano?" nilimuuliza.

"Yule mtoto huenda alikuwa na kitu cha baba yake kwenye damu ambacho mama hana. Mwili wa mama ukakiona, ukakitengenezea kingamwili. Tutajua."

Tukaanza. Na umeme, kama ilivyo desturi yake, ukaondoka. Maji yetu ya moto yakaanza kupoa. Kamilius akanituma jiko la wodi nikaombe thamosi ya maji ya chai, bila majani. Mpishi aliuliza kama wataalamu nao wamesikia njaa. Tukayachanganya na ya baridi kwenye kopo, kipimajoto ndani, tukawa tunaongeza kidogo kidogo kama mtu anayemwandalia mtoto mchanga maji ya kuoga. Mashine ya kuzungushia mirija tuliigeuza kwa mkono, tulikuwa na moja ya zamani yenye mpini, Kamilius alikataa isitupwe. Kila mtu alikuwa akimcheka nayo. Siku ile hakuna aliyecheka, tulipokezana kuizungusha mpaka mabega yakawaka.

Kusafisha kwenyewe ni hivi, na kama mnajua nivumilieni, napenda kueleza. Unazichukua chembe za mgonjwa ulizokwisha kuziosha kwa vuguvugu, zikiwa hazina tena kitu kilichozishika. Unazungusha, unamwaga maji yote ya juu, yote kabisa, maana ukibakiza utaiongezea seramu maji na kingamwili dhaifu itakupita bila kuonekana. Juu yake unaweka seramu ya mgonjwa huyohuyo, unachanganya taratibu, unaweka kwenye barafu. Sasa ule ubaya wa baridi unaugeuza kuwa kazi. Wapiga kelele wanaamka, wanazing'ang'ania zile chembe zao wenyewe. Ukizungusha, chembe zinashuka chini nao wakiwa wamezishika, na wewe unainyonya seramu ya juu. Unarudia kwa chembe nyingine safi mpaka kelele iishe.

Kosa la wengi liko mwishoni. Wanatoa mrija kwenye barafu, wanauweka mezani, anaingia rafiki anauliza mambo, wanajibu poa, wanapiga soga. Mrija ukipata joto, chembe zinaachia kila zilichokishika, kinarudi kwenye seramu, na kazi yote imekwenda na maji. Mkishatoa kwenye barafu, msimwitikie mtu.

Mchana ule Kamilius hakumwitikia hata daktari. Daktari alichungulia, akaona migongo yetu, akarudi wodini.

Seramu ilipokuwa safi, tuliirudisha kwenye joto na kuanza upya na zile chupa za friji. Mrija wa kwanza ukashikana. Nikadhani tumeshindwa. Wa pili ukashikana. Wa tatu ukatawanyika laini, mwekundu, bila chembe hata moja. Kamilius akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, akanipa. "Njoo uone hii," alisema. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi sana maishani mwangu, na ningetoa vingi niyasikie tena.

Kwa hiyo alikuwepo mwenye neno. Chini ya kelele zote palikuwa na kingamwili ya kweli iliyotokana na ule uzazi, ikikataa damu za baadhi ya watu na kukubali za wengine. Tulikuwa na chupa moja inayofaa. Tulihitaji ya pili.

Tukapima ya Oktavi, sasa kwa haki. Nilisali, nawaambieni ukweli, nilisali juu ya mrija. Ikashikana mabonge makubwa, ya wazi kabisa.

Kamilius alinawa mikono, akatoka nje kama alivyoahidi. Nilimfuata. Oktavi alisimama alipotuona.

"Haifai," Kamilius alimwambia. "Na nitakueleza kwa nini. Damu yako haina ubaya wowote. Mkeo amebeba watoto wako. Kupitia kwao mwili wake umeionja damu yako, umejifunza iko namna gani, na sasa ikija unaitambua. Mtu asiyekuwa mke wako asingeijua hivyo."

Oktavi akauliza, "Kwa hiyo amenijua mpaka kwenye damu?"

"Mpaka huko."

Kijana alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, na machozi yakamtoka. Kamilius akamgeukia Mama Gaudensia.

"Mama, wewe una afya. Kundi la mwanao ni O, na wewe unaweza kuwa O. Tukuchome kidole tuangalie?"

"Mimi?" alisema yule mama. "Damu yangu iingie kwa yule? Hapana, baba. Nimeshasema yangu."

Kamilius hakumbembeleza. Alikwenda getini, akarudi na mlinzi, mtu wa miraba minne aliyekuwa akiogopa sindano kuliko wezi. Alikuwa O, ikapatana. Alilala kitandani amefumba macho na kuniomba nimsimulie kitu chochote ili asifikirie. Nikamsimulia bei ya maharage sokoni.

Jua lilikuwa bado halijazama chupa ya kwanza ilipoanza kushuka kwa Ng'washi, taratibu, muuguzi kando yake, mgonjwa amefunikwa hadi kichwani na miguuni amevikwa sweta la mumewe. Sikuwa na kazi wodini. Nilikwenda tu kusimama mlangoni. Kesho yake vidole vilikuwa vimepata rangi. Siku zilizofuata alianza kuomba chakula, na daktari akasema zile kingamwili za baridi zilizoletwa na kichomi zitapungua zenyewe kadiri majuma yanavyokwenda, ila akae penye joto.

Akaenda penye joto. Alikwenda kwao bondeni na watoto, na ilisemwa ni kwa muda. Lakini Laela ile habari ilikuwa imekwisha kusambaa, kwenye mashine, kwenye kituo cha mabasi, kwa wanunuzi wa mahindi, kwamba damu zao zilipimwa hospitali na hazipatani. Maelezo ya Kamilius hayakusafiri. Yalikuwa marefu. Yale maneno mawili yalikuwa mepesi kubebwa. Ng'washi aliyasikia kutoka kwa mtu aliyetoka juu, akasema harudi. Oktavi alikaa Laela msimu mmoja, akifunga mashine mapema na kukaa nje kutazama upande wa bondeni. Kisha akauza alichokuwa nacho, akateremka, akaanza kukoboa mpunga huko. Hakurudi hata Krismasi.

Tangu siku ile, wanangu, sikuwahi tena kutamka "hazipatani" mbele ya ndugu. Nilisema, "Tunatafuta nyingine."

Ikapita miaka. Kamilius alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Asubuhi moja ya baridi nilisikia mtu anagonga kioo cha dirisha la kupokelea sampuli. Alikuwa mwanamke mzee kidogo, amejitanda, amebeba kapu. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Mimi ni mama yake Oktavi wa Laela. Nimekuja kupimwa."

"Unaumwa nini, mama?"

"Siumwi." Alishika ukingo wa dirisha. "Siku ile mlitaka kunichoma kidole nikakataa. Nataka mnichome sasa."

Nilimwita Kamilius. Alimkaribisha ndani, akampa kiti karibu na kopo la maji ya moto.

"Unataka kujua ili iweje, mama?" alimuuliza kwa upole.

Mama Gaudensia aliweka kapu chini. "Wajukuu zangu siwajui sura sasa. Walikwenda wadogo. Nikipika, napika kingi, halafu nakitazama. Kuna mtu alipita akasema yule mdogo ana mwendo wa marehemu mume wangu. Nimekosa usingizi tangu siku hiyo." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Nataka kujua kama na mimi damu yangu inamkataa. Kama inamkataa, nitakaa kwangu nikijua ni mwili. Kama haimkatai, basi ilikuwa mimi."

Tulikuwa na desturi ya kugandisha kwenye friza seramu kidogo ya wagonjwa wagumu, kwa ajili ya kujifunzia. Ya Ng'washi ilikuwepo, ile iliyosafishwa, tone tu chini ya kichupa. Kamilius aliniambia, "Pasha, pima wewe. Macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha." Nilimchoma yule mama kidole. Alikuwa O. Nikaziosha chembe zake, nikaziweka pamoja na seramu ya mkwewe kwenye mrija mmoja, nikaupa joto na muda wake. Alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

Chembe zilitawanyika laini.

Nilimpa Kamilius auone, naye akampa Mama Gaudensia. Hakuwa amefundishwa kusoma mrija, lakini aliuangalia kwa muda mrefu kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Ingemfaa," alisema Kamilius. "Siku ile ingemfaa kabisa."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimrudishia mrija kwa mikono miwili, akauliza basi la bondeni linaondoka saa ngapi.

Aliporudi kwenye lile dirisha, mpunga wa mwaka ule ulikuwa umekwisha kuvunwa. Alikuwa amekaa kule muda wote huo. Aliniambia Ng'washi alimwona anashuka kwenye basi, akamwacha asimame juani na kapu lake, akaendelea kupepeta mchele mpaka akamaliza ungo mzima. Halafu akampelekea maji ya kunywa. Siku nyingi walizungumza mambo ya jikoni tu. Siku moja Mama Gaudensia alimwambia habari ya mrija. Ng'washi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Na ungenipa?" Akamjibu, "Siku ile, hapana." Ng'washi akasema afadhali amemwambia ukweli. Wakaendelea na kazi. Sasa mama huyo alikuwa amerudi na yule mjukuu mdogo, wa macho ya njano, mvulana mrefu amesimama nyuma yake akitetemeka kwa baridi yetu, anakwenda kusoma Laela na kukaa na bibi yake. Oktavi na mkewe walibaki bondeni na mashine yao. Krismasi watapanda.

Mama Gaudensia alikuwa na mfuko wa mchele. "Huu ni wa yule baba," alisema. "Ng'washi amempa. Yuko wapi?"

"Amestaafu, mama. Yuko kwake Msanzi."

Niliupeleka Jumapili baada ya misa. Kamilius nilimkuta nje ya nyumba yake, sweta lile lile, amekaa kwenye kigoda anawaangalia kuku. Nilimsimulia yote. Alitaka kujua kila kitu, si ya Ng'washi tu. Friza inafanya kazi? Wamenunua seramu mpya za kupimia kundi? Nani anaosha mirija? Nani yuko zamu ya Jumatatu? Nilikuwa na haraka, kijana wangu wa mwisho alikuwa nyumbani peke yake, nikawa najibu kwa mkato. Mkewe alipika ule mchele, tukala. Nilipoinuka kuaga, Kamilius naye aliinuka.

"Kaa kidogo, Pasha," alisema. "Hujaniambia habari za ile mashine mpya ya kusomea kadi. Inasomaje?"

"Basi litaniacha, Mzee. Nitakuja mwezi ujao nikueleze vizuri."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Mwezi uliofuata tulikuwa na kazi nyingi, na uliofuata huo tulikuwa na wakaguzi. Nilipofika tena Msanzi, nilikuwa nimevaa nguo za msiba.

Sasa kijana wangu amekua na anaishi kwake, na mimi ndiye ninayekaa nje asubuhi, ninao muda wote wa kueleza ile mashine inasoma vipi, kadi moja baada ya nyingine, mpaka jua lizame. Siku ile nilikimbia kidogo kwenda kituoni. Basi lilikuwa bado halijajaa. Nilipata hata kiti cha dirishani.